Nta Nitanunua Tena, Mafuta Nitayapima Kwanza

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa nimekuwa nikinunua karibu kila ninachotumia kutengenezea mishumaa yenye manukato katika duka moja la Kariakoo, lililopo ghorofa ya kwanza, juu ya wauza mapazia, mahali ambapo mgeni hafiki bila kuelekezwa mara mbili. Sitalitaja jina, kwa sababu miongoni mwa nitakayoyaeleza imo lawama, na lawama hiyo tulikwisha kuimaliza sisi wenyewe pale pale kaunta. Hata hivyo, bidhaa ninazozizungumzia ni zile zile zinazouzwa na wauzaji wengine wa malighafi hizi hapa jijini, na anayeanza kazi hii Sinza, Mbagala au Kigamboni atapata cha kuchukua hata kama hatapanda ngazi zile.

Nianze na nta, kwa kuwa ndiyo inayonirudisha. Duka lina aina tatu: nta ya soya iliyokatwa vipande vyembamba, parafini ya mapande makubwa meupe, na nta ya nyuki inayoletwa kutoka Tabora na Singida. Nta ya soya, ambayo ilianza kutumika kwenye mishumaa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, si kitu cha ajabu. Ni mafuta ya soya yaliyopitishiwa haidrojeni mpaka yakaganda. Aina inayouzwa hapa ni ile laini ya kumiminwa ndani ya glasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 50 za Selsiasi hivi. Inayeyuka sawasawa, haina harufu ya mafuta ya kupikia kama nta moja niliyowahi kuinunua kwingine, inashika vizuri ukuta wa glasi, na tangu nianze kuinunua sijaona tofauti kubwa kati ya katoni na katoni. Kwa bei ya Sh 17,000 kwa kilo, ambayo hushuka kidogo ukichukua katoni nzima, sina malalamiko.

Tatizo la nta hii halikuletwa na duka bali na hali ya hewa yetu, ila nalilaumu duka kwa kutolisema. Karatasi iliyo ndani ya katoni inamtaka mtengenezaji aache mishumaa ipoe katika chumba chenye nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha nyuzi 21 Dar es Salaam ni cha mtu mwenye kiyoyozi na luku isiyokwisha. Mimi natengenezea jikoni, Tabata, na mwezi Februari joto la mchana kivulini hupita nyuzi 32 huku hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Mishumaa yangu ya kwanza ya msimu ule niliitia mafuta ya manukato asilimia 10 ya uzito wa nta, kama karatasi ilivyoruhusu, na siku ya tatu glasi zote zilikuwa zimetoa jasho: vitone vya mafuta vimesimama juu ya nta kama mtu aliyetoka kupanda vilima vya Pugu. Nta laini ikipata joto hulegea, na mafuta ambayo haikuyashika barabara hujitokeza juu. Si kwamba mshumaa umeharibika, lakini mteja anayeona unyevu juu ya mshumaa wa Sh 25,000 hana haja ya kusikiliza maelezo hayo.

Nilichokifanya, baada ya majaribio ambayo sitaki kuyahesabu gharama zake, ni kupunguza mafuta hadi asilimia 7 na kuchanganya kilo 1 ya nta ya nyuki kwa kila kilo 6 za soya. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo huupa mchanganyiko uti wa mgongo. Jasho lilikoma. Si kila tatizo lililokoma, maana mteja wangu mmoja wa Mbezi Beach aliiacha mishumaa minne ndani ya gari lililofungwa vioo, juani, kwa saa mbili, na ndani ya gari la namna hiyo joto hupita nyuzi 50 bila taabu. Aliporudi alikuta uji wenye tambi zilizolala ubavu. Tangu siku hiyo kila boksi langu lina maneno machache juu ya jua na gari, na ningependa duka nalo liandike maneno kama hayo kwenye ubao wake, badala ya picha ya theluji na maua ya misonobari iliyobandikwa pale sasa.

Nta ya nyuki ya duka hili inastahili kusifiwa peke yake. Ni ya rangi ya asali iliyokolea, na ukiivunja utaona chembechembe kwenye sehemu iliyovunjika, si ule uso wa kuteleza wa nta iliyoongezwa parafini. Bei yake ni kubwa kuliko ya soya kwa elfu chache. Ina uchafu, na hilo lisimkasirishe mtu, kwani imetoka kwenye mizinga ya miti ya miyombo na si maabara; lakini lazima ichujwe. Mimi huiyeyusha taratibu ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya sufuria nyingine yenye maji, bila kuiacha ivuke nyuzi 80 kwa sababu joto kali huifanya iwe nyeusi, kisha huipitisha kwenye kipande cha kanga iliyochakaa. Usipoichuja, takataka hizo hukimbilia kwenye utambi na kuuziba, na mwali unadhoofika ukiwa bado na nta tele ya kula. Jambo jingine ni kwamba nta hii ina harufu yake, ya asali na moshi kwa mbali, ambayo inapatana na karafuu, mdalasini na udi, lakini inagombana na waridi na kila ua jepesi.

Parafini nitaipita haraka. Kwenye gunia kumeandikwa 58-60, na wengi hudhani ni namba ya aina. Kumbe ni nyuzi joto ambazo nta hiyo huyeyukia. Ni ngumu, ni rahisi, na kwa mishumaa ya kusimama yenyewe bila glasi inafaa. Lakini parafini iliyosafishwa kiasi hicho, ikiwa peke yake, hushika manukato karibu asilimia 3 tu, na ikiganda ndani ya glasi husinyaa na kujitenga na ukuta. Muuzaji aliyemwambia rafiki yangu wa Ukonga kwamba parafini na soya ni kitu kimoja ila bei, alimpotosha.

Sasa mafuta ya manukato, ambako ndiko ninakotaka kukaa kidogo. Rafu ya duka ina chupa zaidi ya thelathini, na karibu zote ni manukato ya kutengenezwa, si mafuta yaliyokamuliwa kwenye mimea; duka halidai vinginevyo, na hilo ni la uungwana. Udi wao ni mzuri kweli kweli. Unapowaka unajaza sebule pasipo kuchoma koo, na mama mkwe wangu, ambaye kwake chetezo hakipoi, aliuliza nimefukiza nini kabla hajaona mshumaa. Mchaichai nao ni safi, na kwa jioni za mbu una wateja wake, ingawa sijawahi kumwahidi mtu kwamba utafukuza mbu. Vanila inanukia vizuri lakini hugeuza nta nyeupe kuwa rangi ya chai ya maziwa ndani ya siku chache, na hiyo ni tabia ya vanilini yenyewe, kiini cha harufu ya vanila, wala si ubovu. Mwenye kutaka mishumaa meupe ya harusi asiichague, na kijana wa kaunta angepaswa kumwambia mteja kabla ya kupokea fedha. Karafuu yao inafanana na pipi ya karafuu kuliko karafuu. Hiyo siinunui. Aliyekwisha kunusa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayokamuliwa Wawi, kule Pemba, hadanganyiki tena, na tone la hayo katika nta ya nyuki linafanya kazi ambayo chupa nzima ya yale mengine haiwezi. Ila ni makali sana na lazima yapimwe kwa uangalifu.

Lawama yangu ni ya asumini. Nilinunua mililita 100 mwezi Machi, nikatengeneza mishumaa, ikauzwa, watu wakarudi. Mwezi Julai nilipata kazi ya mishumaa 24 kwa shughuli ya kumuaga bi harusi, nikanunua asumini ile ile, chupa ile ile, karatasi ile ile ya jina, bei ile ile ya Sh 18,000. Nilipoichanganya sikuona kitu. Ilipoganda niliona, chini ya kila glasi, duara la umajimaji uliotulia kama mchuzi chini ya wali, na nilipowasha mmoja kwa kujaribu, ulitoa harufu hafifu na utambi ukawa unatetereka. Nilirudi dukani na glasi mbili ndani ya mfuko wa nguo. Kijana alisema nimekoroga vibaya. Nilimwomba amwite mwenye duka, mzee mwenye upole wa watu wa pwani, nikamwamkia, nikamwekea glasi mbele yake, naye akazigeuza kuelekea dirishani kwa muda mrefu bila kusema.

Kilichotokea, kama tulivyokuja kugundua, ni kwamba chupa yangu ilijazwa kutoka kwenye pipa la asumini ya vijiti vya kunukisha chumba. Mafuta ya kazi hiyo huzimuliwa kwa kiyeyushi ambacho vijiti hukivuta bila shida, lakini ambacho hakichanganyiki na nta hata ukikoroga mpaka mkono uume. Kwa kuwa ni kizito kuliko nta iliyoyeyuka, hushuka chini na kukaa. Kwa pua huwezi kutofautisha chupa hizo mbili. Mzee alinirudishia fedha ya mafuta na akanipa kilo 3 za nta bila malipo, jambo ambalo hakulazimika kulifanya na ambalo nalihesabu upande wake. Saa zangu, glasi zangu na usiku ule wa kuyeyusha upya kwa kazi ya Jumamosi hakuna aliyezirudisha.

Tangu hapo sitii mafuta mapya kwenye sufuria kubwa kabla ya kuyajaribu. Nayeyusha vijiko kumi vya nta, natia kijiko kimoja cha mafuta, nakoroga dakika mbili ndani ya glasi nyembamba, kisha naacha igande. Mafuta yanayofaa hupotea ndani ya nta. Yasiyofaa hujionyesha chini.

Kuna mafunzo mawili ambayo kijana wa kaunta huwapa wateja wapya na ambayo ningependa ayaache. La kwanza ni kwamba mililita na gramu ni mamoja. Mafuta huuzwa kwa mililita, lakini asilimia za mishumaa ni za uzito, na mafuta mengine ni mazito kuliko maji na mengine ni mepesi. Kwa kilo moja ya nta, asilimia 7 ni gramu 70 zilizosomwa kwenye mzani, hazipimwi kwa kikombe cha dawa ya kikohozi. Mzani mdogo wa dijitali unauzwa duka hilo hilo, na ndicho kifaa cha kwanza ambacho ningemshauri mtu akinunue, kabla hata ya nta.

La pili alinieleza kwa huruma kabisa: "Dada, ukiyatia nta ikiwa ya moto, harufu yote inapaa." Alikuwa akisoma joto la kuwakia lililoandikwa kwenye karatasi ya mafuta na kulielewa kuwa ni joto la kutorokea. Joto hilo ni lile ambalo mvuke wa mafuta unaweza kushika moto ukikutana na mwali. Linamhusu msafirishaji, linamhusu mwenye jiko la gesi linalowaka karibu na chupa, lakini halisemi kwamba harufu inaondoka. Nta ya soya hupokea mafuta vizuri zaidi ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 85; ukisubiri ipoe mpaka 50, inakuwa imeanza kuganda, na mafuta hubaki yakielea bila kushikamana nayo. Mimi hutia kwenye 82, nakoroga polepole kwa dakika mbili, kisha naacha ipoe hadi 60 ndipo namimina. Baada ya hapo ni subira. Mshumaa wa soya hutulia wiki moja hadi mbili kabla ya kutoa harufu yake yote unapowaka, na anayewasha wake siku ya pili akasema mafuta ni dhaifu anayaonea mafuta.

Karatasi za usalama nazo ziliniumiza kichwa. Mapipa yanakuja na vyeti vya IFRA, yaani shirika la kimataifa la manukato, vinavyoonyesha kiwango kinachoruhusiwa kwa kila matumizi, na mishumaa imo katika kundi la 12. Mzee alinionyesha vyeti hivyo bila kinyongo. Lakini mafuta yakishagawanywa katika vichupa vya mililita 50 na 100, cheti kinabaki ofisini na mteja anaondoka na jina la ua tu. Anayeuza mishumaa yake kwenye hoteli za Masaki ataulizwa karatasi hizo, na si haki arudi Kariakoo mara tatu kuziomba.

Tambi ndiyo sehemu dhaifu ya duka. Utambi wa kusukwa, ambao Mfaransa Cambacérès aliubuni mwaka 1825, una werevu wake: ukiwaka hujipinda, ncha yake hutoka pembeni mwa mwali na kujiteketeza yenyewe, ndiyo maana hatukai na mkasi kama watu wa zamani. Lakini werevu huo hautoshi kama unene haulingani na glasi. Duka linauza tambi za pamba kwa majina matatu, ndogo, ya kati na kubwa, pasipo namba za kiwandani wala kipenyo cha glasi kinachofaa. Kwa glasi zangu za sentimita 7 niliambiwa "ya kati", na ya kati ilichimba shimo katikati na kuacha nta nzima ukutani. Ile kubwa ilifika ukutani baada ya saa tatu, kama inavyotakiwa, lakini kwa soya tupu ilitoa masizi. Kwa mchanganyiko wangu wenye nta ya nyuki, inayohitaji mwali wenye nguvu zaidi, ikakaa sawa. Yote hayo niliyajua baada ya kununua pakiti mbili za tambi 50 kila moja, kwa kuwa hawauzi pungufu. Mtu anayeanza anahitaji tambi tano tano za kila unene, si hamsini za kukisia. Sisi watatu wa Tabata tulimaliza tatizo kwa kununua pamoja na kugawana sebuleni kwangu.

Glasi usizinunue hapa. Ni ghali, na mitaa miwili mbele kuna maduka ya vyombo yanayouza bilauri zenye kitako kinene kwa karibu nusu ya bei.

Huduma yenyewe ni ya kuridhisha. Wanapokea lipa namba na fedha taslimu, wanatoa risiti bila kuombwa, na ukipiga simu asubuhi watakuwekea mzigo na kuukabidhi kwa bodaboda unayemwamini. Hawana mtu wa kushusha katoni, na ngazi ni nyembamba. Nenda kabla ya saa nne, kabla barabara haijajaa, au uwe na kijana wa guta anayekusubiri chini. Nta wanaihifadhi chumba cha nyuma chenye joto, hivyo utakuta vipande vya soya vimeshikamana mabonge kama sukari guru. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikataa kuichukua. Nilikosea, kushikamana hakuiharibu nta, na mabonge yale yaliyeyuka sawa na vipande vilivyotengana.

Nilipita tena wiki iliyopita. Juu ya kila chupa ya manukato sasa kuna utepe mweupe ulioandikwa kwa kalamu ya wino mzito: neno "mshumaa" au "vijiti", na tarehe ambayo pipa lilifunguliwa. Mwandiko ni wa kijana wa kaunta. Hakuniambia kitu kuhusu Julai, nami sikumkumbusha. Aliniuliza tu kama bado natia mafuta kwenye 82, nikamwambia ndiyo. Nilichukua kilo 12 za soya, kilo 2 za nta ya nyuki, udi mililita 200, na asumini mililita 50 tu, za kujaribia.